Kasri la Turnblad, Minneapolis, Marekani: nenda kwa kahawa, usifuate umati

Kasri hili la mawe lenye minara, 2600 Park Avenue, lilijengwa na Swan Turnblad, mhamiaji wa Uswidi aliyetajirikia gazeti la Svenska Amerikanska Posten. Lilikamilika 1908, na mwaka 1929 akalitoa liwe taasisi ambayo leo inaitwa American Swedish Institute. Lina vyumba 33, na meko 11 za vigae za kupashia joto ambazo peke yake zinastahili nauli. Mkahawa uko jengo la pembeni, Nelson Cultural Center, lililofunguliwa 2012.

Anayekuja hapa kutafuta wabia wa biashara wa Kiswidi asichague Midsommar, sherehe yao ya katikati ya kiangazi, mwezi Juni. Siku hiyo ni ya watoto na babu zao: mlingoti uliopambwa majani unasimamishwa, watu wanauzunguka wakirukaruka kama vyura, na muziki haukuachii nafasi ya kusikilizana na mtu. Kwa familia, ni burudani tosha. Ukisuka shada la kichwani, acha vikonyo vya maua vya sentimita 15 hivi. Vikiwa vifupi waya hauna pa kushika, na shada linafumuka kabla ya ngoma ya pili.

Biashara iko kwenye vikao vidogo, hasa vile vya chemba za biashara za Uswidi na Marekani (ya New York ilianza 1906, na miji mingine ina za kwao). Saa kumi na mbili jioni ni saa kumi na mbili kamili. Dakika kumi za kuchelewa huwa zimeshaonekana. Kosa la wageni wengi ni kutaja bei na bidhaa kabla hata ya kumaliza kusalimiana. Mswidi huona hiyo ni pupa. Uliza kazi yake, jibu yako kwa ufupi, kisha mwombe mkutane siku nyingine kwa fika, yaani kahawa na kitafunwa. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza. Ikiitwa "skål", inua glasi, hata kama ni ya maji, mtazame mwenzako machoni, kunywa, kisha mtazame tena kabla ya kuiweka chini.

Vitafunwa vyenyewe: agiza mkate mtamu wa iliki. Mla mandazi wa Mombasa ataitambua harufu mara moja, ila Waswidi huitwanga iliki ikabaki chengachenga, ndiyo maana inapasuka mdomoni. Mwezi wa sikukuu ya Mtakatifu Lucia, ambayo huadhimishwa Desemba 13, kuna mikate ya zafarani yenye umbo la S na zabibu kavu mbili. Zafarani hukausha kinyunga, kwa hiyo wapishi wengine huongeza jibini laini, na mikate yenyewe ni ya kuliwa siku ileile. Ya jana ni kama mbao.

Meza ya Krismasi, julbord, ina utaratibu wake, na wageni wengi huuvunja kwa kurundika vyote kwenye sahani moja. Anza na samaki wa siki aitwaye sill, pamoja na viazi vya kuchemsha. Sahani ya pili ni samaki wengine, kama salmoni aliyelazwa kwenye chumvi, sukari na shibiti. Ya tatu ni nyama baridi. Vyakula vya moto, zikiwemo mipira ya nyama na viazi vya krimu, huja baada ya hapo. Kila mara chukua sahani safi, la sivyo siki ya sill itaharibu kila kinachofuata. Asiyekula nguruwe aulize kwanza: paja la nguruwe ndilo mfalme wa meza hiyo, na mipira ya nyama mara nyingi huchanganywa na nyama ya nguruwe.

Tiketi za Desemba nunua mapema. Na ukitoka, Cedar-Riverside haiko mbali: mtaa uliokuwa wa Waskandinavia, leo ni wa Wasomali, na kati yao wapo waliopitia Kenya ambao watakujibu kwa Kiswahili.