Jua la alfajiri mlimani: safari ipi ununue, ipi uiache

Ukifungua ukurasa wa kampuni yoyote ya utalii ya Arusha au Nairobi utaikuta picha ile ile: mtu kanyoosha mikono juu ya bahari ya mawingu, jua jekundu limemtokea ubavuni. Bei za kuifikia picha hiyo zimeachana mno. Kuna ya Ngong, ambayo mwanafunzi anaimudu kwa nauli na kiingilio, na kuna ya Kilimanjaro, ambayo mgeni kutoka ng'ambo huilipia dola elfu moja na mia kadhaa hata zaidi. Jua ni hilo hilo moja. Kwa hiyo sikupanga orodha hii kwa urefu wa mlima wala kwa umaarufu. Nimeipanga kwa maswali mawili: ukishindwa kufika kileleni, jua bado utaliona? Na saa mbili asubuhi, picha zikishapigwa, utakuwa na nani wa kukurudisha chini salama?

Kabla ya milima, saa. Huku karibu na ikweta jua halitangitangi sana. Arusha na Nairobi huchomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:45 asubuhi, mapema zaidi Novemba, likichelewa Februari na Julai. Ukiwa juu sana utaliona dakika kadhaa kabla ya walioko bondeni. Ila kupambazuka kwetu ni kwa haraka: wekundu unaanza, rangi zinapanda, na ndani ya nusu saa kumeshakucha, watu wanatafuta miwani. Ukichelewa dakika arobaini umelipia matembezi ya kawaida ya asubuhi. Ukiwahi saa mbili nzima, na hilo ndilo kosa la kampuni nyingi zinazoogopa kuchelewa, utaketi gizani kwenye upepo wa barafu mpaka vidole vife ganzi, na wengi huomba kushuka kabla jua halijatoka.

1. Mlima Meru

Huu ndio wa kwanza, na sababu iko kwenye ramani. Meru, mita 4,566, iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na Kilimanjaro imesimama upande wake wa mashariki, umbali wa kilomita 70 hivi. Maana yake unapongoja jua, mbele yako kuna Kibo nzima, kilele kikuu cha Kilimanjaro, nyeusi, juu ya mawingu. Kuanzia Mei hadi Agosti jua huchomoza karibu kabisa na mlima huo. Kadiri mwaka unavyokwenda linahamia kulia, na kufika Desemba limeshaachana na Kibo kwa mbali. Mwuzaji akikuonyesha picha ya jua likitokea nyuma ya Kibo huku anakuuzia tarehe ya Krismasi, mwulize picha ilipigwa mwezi gani. Kwa tarehe, chukua Juni mwishoni hadi Agosti: masika yamepita na jua liko mahali pake.

Jambo la pili ndilo linaloipa Meru ushindi. Kutoka Saddle Hut, mita 3,570, ambako watu hulala usiku wa mwisho, mtu aliyeshindwa na kilele ana pa kwenda. Rhino Point iko kama mwendo wa saa moja tu, na Little Meru, mita 3,820, haizidi hapo kwa mtu wa kawaida. Kote huko Kilimanjaro unaiona, na jua unaliona. Kwa hiyo kichwa kikianza kugonga usiku wa manane, mwongozaji mwenye akili anakupeleka huko badala ya kukuburuta kwenye kingo za kreta. Ipate ahadi hiyo kabla hujalipa. Isiwe jambo la kubembelezana gizani.

Ni safari ya siku tatu au nne kutoka lango la Momella, na unalala kwenye vitanda vya vibanda, si hemani. Askari mwenye bunduki anafuatana nanyi kwa ajili ya nyati na tembo, na hili ni sharti la hifadhi, kwa hiyo asikuuzie mtu kama huduma yake ya ziada. Kilele chenyewe kinataka kuondoka Saddle kwenye saa saba au saa nane usiku. Chagua siku nne kama mfuko unaruhusu. Ile ya siku tatu inakushusha kutoka kileleni hadi langoni bila kulala tena, na magoti yako yatakusimulia hilo kwa wiki nzima.

2. Point Lenana, Mlima Kenya

Kwa mtu wa Nairobi huu ndio wa kwanza, na sitabishana naye. Batian, mita 5,199, na Nelion ni za wapanda miamba wenye kamba. Lenana, mita 4,985, ni ya kutembea, ijapokuwa karibu na juu kuna mahali pa kushika vyuma. Watu wakifika kileleni wote hukodolea macho mashariki. Jua likishapanda kidogo, ligeuzie mgongo: Batian na Nelion ziko upande wa pili, na mwamba mzima unashika rangi ya chungwa kuanzia juu kwenda chini. Mimi ningelipia hiyo kuliko jua lenyewe.

Uamuzi wa kununua hapa ni pa kulala. Ukilala Shipton's, kwenye mita 4,200, utaamshwa saa nane na kupanda kwa muda wa saa tatu hadi nne gizani kwenye kokoto zinazoteleza. Ukilala Austrian Hut, karibu mita 4,790, kilele kiko kama saa moja tu kutoka kitandani, maneno matamu sana kwenye tangazo. Lakini kulala juu kiasi hicho bila mwili kuzoea ni kukesha unatapika. Safari fupi inayokulaza Austrian Hut usiku wa pili ikwepe hata kama ni ya bei poa. Ya siku nne, kupandia njia ya Sirimon na kushukia ya Chogoria, ndiyo ninayoiona ya haki kwa fedha yako.

3. Ol Doinyo Lengai

Hii pekee ndiyo safari ya usiku mmoja ya kweli kwenye orodha. Unafika Engaresero jioni, karibu na Ziwa Natron, unakula, unajilaza kidogo, na kati ya saa tano usiku na saa saba gari linakupeleka chini ya mlima. Mbele yako kuna zaidi ya mita 1,500 za kupanda, karibu zote zikiwa zimesimama wima mbele ya pua yako. Usiku unapandwa kwa sababu mchana bonde lile linachoma na mlimani hakuna kivuli wala tone la maji.

Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Ni volkano hai inayotema lava ya aina isiyotoka kwenye volkano nyingine yoyote hai duniani, yenye ubaridi kuliko lava za kawaida, ikitoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikishakutana na unyevu. Milipuko ya 2007 na 2008 iliubadilisha mdomo wake kabisa, kwa hiyo simulizi za mjomba aliyetembea juu ya sakafu ya kreta miaka ya tisini hazikuhusu. Sasa ni shimo refu, na unasimama ukingoni.

Kwa nini basi si ya kwanza? Kushuka. Juu kule njia ni mifereji ya majivu yaliyoganda, migumu kama saruji na yenye punje zinazokwangua. Kupanda unatambaa kwa mikono, glavu za bustani zinakutosha. Kushuka, sasa kumekucha na unaona ulipopita, ndipo watu wanapoketi chini na kukataa kuendelea. Vijana wa Engaresero wanashuka pale na katambuga wakiongea na simu, wasikudanganye. Halafu hakuna nafasi ya nusu: ukiishia katikati, jua litakukuta umebanwa kwenye mtaro. Nunua Lengai kama una miguu, huogopi mteremko, na una siku mbili tu za mapumziko. Mtoto usimpeleke. Siku moja kabla uliza mwongozaji wa pale pale, si ofisi ya mjini, mlima unafanya nini wiki hii. Uliza pia kama bei imejumuisha ushuru unaokatwa kwenye mageti ya njiani kutoka Mto wa Mbu, maana ndio unaotibua hesabu.

4. Ngong

Mita 2,460, si mbali na Nairobi, mitambo ya upepo inavuma juu ya kichwa chako. Jua linatokea upande wa jiji, na nyuma yako Bonde la Ufa linajaa mwanga polepole. Ni rahisi, na ni mahali pazuri pa kujipima kabla ya kulipia Lenana. Nenda na kundi na mchukue walinzi wa msitu. Gizani usiende peke yako. La kuuliza ni moja: lango litafunguliwa saa ngapi siku hiyo, na nani amelipangia hilo? Jibu likiwa "tutaongea nao tukifika," weka simu chini.

Kwa swali hilo hilo Longonot inaanguka. Ni mlima mzuri wa kuzunguka mdomo wa volkano, lakini hifadhi inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na kupanda hadi ukingoni kunachukua karibu saa nzima. Anayekuuzia "jua likichomoza Longonot" kwa safari ya kutokea Nairobi alfajiri anakuuzia saa moja na nusu asubuhi. Irente ya Lushoto nayo hutangazwa hivyo hivyo wakati inatazama nyika za Umasaini upande wa magharibi, nenda jioni.

5. Kilimanjaro

Najua nitatukanwa. Lakini kama unachonunua ni jua, huu ndio ununuzi mbovu kuliko yote. Kwa mgeni asiye wa Afrika Mashariki, ada za hifadhi na kambi peke yake hupita dola mia moja kwa siku, na safari nzuri ni ya siku sita au zaidi. Ukitoka kambi ya Barafu au Kibo Hut saa sita usiku, jua litakukuta karibu na Stella Point au Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, na wakati huo wengi wanahesabu hatua, wengine wameinamia fimbo. Likitokea nyuma ya Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huo, ni maajabu, sikatai. Nunua Kilimanjaro kwa ajili ya Kilimanjaro, mita 5,895, na jua ulihesabu kuwa nyongeza.

Kuna watakaouliza Nyiragongo, volkano ya Kongo. Tangu mlipuko wa Mei 2021, na vita vilivyofuata Goma, hiyo si safari ya kununua.

Kabla ya kutuma kishika uchumba

Swali linalotenganisha kampuni na madalali ni hili: usiku wa kileleni mtakuwa na waongozaji wangapi? Fikiria watu wanane na mwongozaji mmoja. Saa tisa usiku mmoja anaanza kuyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka. Huo ni ugonjwa wa mwinuko: dawa ni kushuka, mara moja, na hawezi kushuka peke yake. Mwongozaji akishuka naye, saba mnabaki gizani au mnarudi wote. Akisema "mngoje hapa," ndiyo hatari yenyewe. Kwenye bei nafuu hapa ndipo panapokatwa, kwa sababu mteja huona chakula na gari, haoni mtu asiyekuwepo. Mwongozaji mmoja kwa watu watatu au wanne ni hesabu ya haki. Akikujibu "askari naye atasaidia," fahamu kuwa askari ana kazi yake.

Uliza vilevile nani ana neno la mwisho la kugeuza. Jibu sahihi ni mwongozaji, na fedha hairudi. Mawingu nayo hakuna anayeyarudishia fedha, na asikudanganye mtu. Dereva wa kukurudisha mjini awe amelala; mwulize kwa jina lake atalala wapi.

Kwa Tanzania taka kuona leseni ya wakala wa utalii, iitwayo TALA, kwa Kenya ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Ada za hifadhi taka risiti yake: TANAPA, shirika la hifadhi za Tanzania, hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, na KWS ya Kenya kwa eCitizen, tovuti ya serikali, kwa hiyo karatasi ipo, asiseme "tunalipa tu getini kwa mkono." Na katika ujumbe wa WhatsApp usiandike "Jumamosi saa 8." Andika "saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi," naye ajibu hivyo hivyo. Kuna watu wameachwa kwa hilo.

Vifaa vya kukodi vipime mjini, si langoni. Tochi ya kichwani iwe na betri mpya na akiba ndani ya koti, karibu na mwili, maana baridi huzimaliza nguvu. Maji ya mfuko wa kunywea kwa mrija yataganda Lenana. Beba chupa, uigeuze kichwa chini ili mdomo usizibwe na barafu. Bakshishi ya waongozaji na wapagazi mara nyingi haimo kwenye bei: uliza kiwango kabla hujaondoka, beba noti ndogo ndogo, na kila mtu umpe mkononi mwake.