Gari ya Kuvuta Nyuma ya Coaster: Acheni IST, Tazameni Hiki Kigia Kidogo

Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Tupo Tegeta, jua la saa saba, na nyuma yangu ni ile Coaster mnayoijua, tuliyong'oa viti tukaweka vitanda na jiko. Yenyewe leo siizungumzii. Injini 1HZ, silinda sita, dizeli, video yake ipo, nendeni mkaitazame. Leo naongelea hii iliyofungwa nyuma yake: Suzuki Escudo ya kizazi cha kwanza, zile za miaka ya tisini, milango mitano.

Na nimekuja na hasira zangu. Tangu niseme natafuta gari ya kuvuta, ili nikifika Iringa nikapaki basi niwe na kausafiri ka kwenda sokoni, kila mtu ananiimbia wimbo mmoja. "Chukua IST kaka. Nyepesi, hainywi mafuta, spea zipo mpaka kwa mangi."

Jamani! IST ni otomatiki na inavutwa na tairi za mbele. Kwenye gia boksi ya otomatiki, pampu ya kusukuma oili inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Sasa wewe unaiburuta tairi zote nne chini mpaka Morogoro, vyuma vya ndani vinazunguka, oili haipandi. Unadhani ukiweka frii umepona? Hujapona. Frii imeachanisha injini na gia, haijaachanisha gia na tairi. Mbona brekidauni wakija kuchukua IST wananyanyua miguu ya mbele? Mnadhani wanapenda kujichosha?

Haya. Kamera njoo huku ndani, usipige dashibodi, dashibodi imepasuka kila mtu anajua. Piga hapa. Mnaona gia mbili? Hii kubwa ni ya kawaida. Hii fupi pembeni yake ndiyo nimewaitia. Juu yake pameandikwa 2H, tairi mbili; 4H, tairi nne; N, frii; 4L, tairi nne kwa nguvu na taratibu. Watu wote wanaiona 4L wanafurahi, wanafikiria matope. Mimi napenda hiyo N. Hiyo N ndiyo gari yenyewe, vingine vyote ni mapambo.

Angalieni. Gia kubwa naingiza namba mbili. Klachi naachia. Injini imezimwa. Kwa gari nyingine yoyote, hapo hata msukume wanne haisogei kirahisi. Sasa kigia kidogo nakipeleka N... subiri, kinagoma kidogo, kimezeeka... kimeingia, mmesikia "tak". Breki ya mkono naishusha. Mdogo wangu, sukuma. Sukuma kwa mkono mmoja! Mnaona? Inakwenda. Gia iko namba mbili na gari inakwenda.

Twende chini. Samahani kwa vumbi. Hii ni propela shafti ya nyuma, nimeichora mstari wa chaki. Sukuma tena, taratibu. Chaki inazunguka, inapotea juu, inarudi. Sasa kimbiza kamera mbele, boneti iko wazi, piga puli ya injini. Imetulia. Feni imetulia. Yaani tairi zinaizungusha shafti, shafti inaishia kwenye ile boksi ya pili, ya 4WD, inayogawa nguvu kwa tairi zote nne, na pale pamekatika. Gia boksi kubwa haijui kama kuna safari. Hata ungekuwa na Escudo ya otomatiki, kubwa unaweka P, ndogo N, unavuta.

Ila sikilizeni vizuri hapa: kigia kikiwa N, ile P haishiki gari. Ukiegesha mlimani ukaiamini P, utaikuta gari yako sebuleni kwa watu. Breki ya mkono, na jiwe.

Na ile boksi ndogo nayo inataka oili imwagikie. Kitabu cha hizi Suzuki kinataka kila maili 200, yaani kama kilomita 300, usimame, uwashe injini kidogo ukiwa kwenye N, gia kubwa ikiwa imeingia, ili vyuma vizunguke vipate oili. Kutoka Dar hiyo ni kama Mikumi, na Mikumi utasimama tu, hata kama ni kwa ajili ya nyama.

Usukani: ufunguo lazima ukae ACC, pale redio inapowaka injini ikiwa bado imezimwa, vinginevyo unajiloki na tairi za mbele hazifuati kona. Chomoa fyuzi ya redio, la sivyo utafika betri imekufa.

Mtaniuliza Jimny mpya. Hapana. Bei yake unanunua kiwanja Chanika na mabati juu. Unaivuta nyuma ya basi inakula kokoto mpaka Tunduma ili iweje? Ingawa... nisiwadanganye, mtu akinipa nitaichukua. Lakini akinipa.

Wamarekani ndio walioanza haya kwa wingi, wana Jeep Wrangler, wana Honda CR-V za zamani. Hizo CR-V ni otomatiki na kiwanda kule kiliruhusu zivutwe, kwa utaratibu maalumu wa kuingiza gia kabla ya kuondoka. Zilipoletwa za CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, mwaka 2015, ruhusa ikaondolewa. Kwa hiyo usinunue CR-V kwa kusikia jina.

Mkono wa kuvutia ni huu, vyuma viwili vimekutana mbele kwa umbo la A. Tumeufunga kwenye chesisi. Narudia, chesisi, siyo bampa. Hiki ni kitu kingine ninachoipendea Escudo hii, ina chesisi kamili chini yake. Mchomeleaji wa mtaa wa Gerezani atakuambia bampa inatosha. Mshukuru, ondoka. Cheni mbili za usalama zipite chini ya mkono kwa kupishana, na waya wa taa uende mpaka taa za nyuma za Escudo, breki na indiketa, maana anayekufuata haoni taa za Coaster.

Kurudi nyuma, sahau. Ukirudi nyuma tairi za mbele za Escudo zinajikunja upande zinaotaka, mkono unapinda. Ukikosea ukaingia kichochoro cha Sinza, shuka, chomoa pini, toa gari, geuza basi, funga upya, huku bodaboda wanakupigia honi na kukupa ushauri.

Breki ndiyo inayoninyima usingizi. Hii ni tani moja na ushee inayokusukuma mgongoni. Uingereza gari ikivutwa hivi inahesabiwa tela, na tela lisilo na breki zake mwisho kilo 750. Escudo imepita. Na injini ikiwa imezimwa, breki zake zinakuwa ngumu, kwa hiyo kifaa kinachofungwa ndani ya Escudo kuikanyagia pedali ya breki basi linapofunga breki, lazima kiwe na nguvu kweli. Chetu bado hakijafika, kwa hiyo kuteremka mlima Kitonga na hii sitateremka. Wanaosema "tumia gia tu" wakateremke wao, mimi nitawasubiri Ruaha Mbuyuni.

Mizani pia. Kuanzia tani 3.5 unaingia, na Coaster yenye tangi la maji na vitanda haikwepi mizani ya Vigwaza. Lita 200 za maji ni kilo 200. Jazeni mkifika.

Bei: Escudo hizi nimeona zinaulizwa kati ya milioni sita na tisa, kadi ikiwa safi. Kabla ya kulipa, fanya hili jaribio la chaki. Kigia kikigoma kuingia N, au kikiruka chenyewe, rudisha ufunguo, hata akupunguzie milioni mbili.

Kama unasafiri peke yako, kusema kweli funga pikipiki nyuma ya basi ulale. Lakini mimi nina mke, watoto na mama mkwe. Kifaa cha breki kikitoka bandarini tunakifunga mbele yenu, moja kwa moja, Jumapili jioni. Wenye Vitara, ndiyo hii hii Escudo kwa jina jingine, za milango mitatu, niandikieni kigia chenu kinaingia N au kinagoma.