CX-5 ya 2018 hapa Mombasa: nilichokagua kabla ya kulipa, na ninachokiona sasa

Kenya tukisema SUV "ya mwaka mpya" hatuna maana ya gari la mwaka huu. Tunasema lile ambalo KEBS, shirika letu la viwango, bado wanaliruhusu kushuka bandarini: usukani kulia, lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na liwe limekaguliwa huko linakotoka, mara nyingi Japani, kabla ya kupakiwa melini. Mwaka 2025 ziliingia za 2018 kuendelea. Januari 2026 ikawa 2019 kuendelea. Ndiyo maana kila mwisho wa mwaka mayadi hujaa kelele za "chukua sasa, mwaka unafungwa", na mtu akikimbizwa hivyo hasahau bei, husahau kuuliza.

Mimi nilichukua Mazda CX-5 ya petroli, injini ya lita 2.0, iliyosajiliwa Japani mwishoni mwa 2018. Naishi Likoni, kazi zangu ziko kisiwani, na mara nyingi napanda Voi, nikizidi nafika Nairobi. Gari nimeridhika nalo. Ila yale yaliyoniridhisha hakuna muuzaji hata mmoja aliyenionyesha. Wao huanza na skrini, wakaja kwenye viti vya ngozi, wakamalizia na kamera ya nyuma. Nilizoea kuwaambia, "Haya kaka, nimeona, sasa niachie nilale chini."

Kabla ya kulala chini, lakini, kuna suala la mwaka wenyewe. Marekani gari huuzwa kwa modeli ya mwaka: la 2019 hutoka 2018 likiwa tayari linaitwa 2019. Japani hawana hesabu hiyo. Kiwanda hurekebisha gari mwezi wowote kinapoona vyema, na jina linabaki lile lile. CX-5 ya umbo hili, KF, ilianza kuuzwa Japani Februari 2017. Mapema 2018 injini zikaguswa, na Novemba 2018 ikaja nyingine yenye CarPlay, Android Auto na mfumo wa GVC Plus wa kusaidia gari kutulia kwenye kona. Kwa hiyo CX-5 mbili zenye 2018 kwenye logbook zaweza kuwa magari mawili tofauti. Nilikuwa natembea na waya wa simu mfukoni. Ya kwanza niliyochomeka, simu ilichaji tu, basi. Ya pili, yadi hiyo hiyo na rangi hiyo hiyo, ramani ya simu ikatokea pale kwenye skrini. Bei zilipishana kidogo sana, na mwenye yadi alikuwa hajui kwamba kuna tofauti. Uliza mwezi wa kutengenezwa, usiishie kwenye mwaka. Na KEBS wenyewe hawataki mwaka wa kutengenezwa na wa kusajiliwa uachane kwa zaidi ya mmoja.

Umbo jipya kabisa mimi hulipa muda. Vezel haibridi na Fit haibridi zilipotoka 2013, Honda iliziita tena gereji mara kadhaa hadi 2014, sehemu kubwa ikiwa ni programu ya giaboksi. Vezel za baadaye ni magari mazuri na watu wanazifurahia. Ila gari la mwaka wa pili au wa tatu wa umbo lake huwa limeshakosolewa na wenye pesa zao kabla yangu, nami siwaonei wivu hao wa mbele.

Sasa chini. Nilikuwa na kipande cha boksi la kutandika na tochi ya simu. Japani ya kaskazini humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na gari lililokaa huko huoza kuanzia chini huku bodi juu inang'aa. Kwenye yadi moja ambayo sitaitaja nilionyeshwa SUV nyeupe safi kabisa, hata harufu yake ya duka. Nilipoingia chini, kila chuma kilikuwa cheusi tii. Nikakigusa, kidole kikatoka na rangi mbichi. Nikakwaruza kwa ufunguo karibu na mkono wa gurudumu la nyuma: chini ya ile rangi kutu ilikuwa inabanduka tabaka tabaka kama maganda ya kitunguu. Kijana wa yadi akasema ni "dawa ya kuzuia kutu". Nikamshukuru nikaondoka. Sisi wa pwani tayari tuna hewa ya chumvi, hatuna haja ya kuagiza kutu ya mtu mwingine.

Mkanda wa kiti nao uvute mpaka mwisho kabisa, ule wa nyuma hasa, kwa sababu wasafishaji huusahau. Mstari wa tope au ukungu sehemu ile isiyotoka kila siku unakwambia gari lilizama. Magharibi ya Japani kulikuwa na mafuriko makubwa Julai 2018, na kimbunga Hagibis kikapiga Oktoba 2019, na miaka hiyo ndiyo tunayoinunua sasa. Pia dai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari lilipopigwa mnada Japani, kisha tumia namba ya chesisi kutafuta nakala yako mwenyewe kwa njia nyingine. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. R au RA maana yake gari liligongwa mahali pa maana na kutengenezwa. Si lazima ulikimbie, ila lipunguziwe bei ya kweli.

Kimo cha tumbo la gari kutoka ardhini. Hapa watu hutajiana milimita: Forester ya SK, ile iliyotoka 2018, ina 220, CX-5 ina 210, X-Trail T32 ina 205. Harrier iliyotangulia hii mpya iko chini ya hapo, ndiyo maana hupendeza lami ikikatisha tamaa vumbini. Lakini milimita hupimwa pale tumbo la gari linaposhuka zaidi. Mtihani wangu mimi ni feri maji yakiwa yamekupwa. Ule mteremko wa Likoni unakuwa mkali, na pale ulimi wa feri unapokutana na zege kidevu cha bampa ndicho kinachofika mwanzo. Magari ya starehe utayasikia yakikwaruza kabla hujayaona. CX-5 hupita nikiingia taratibu, mshazari kidogo ikiwezekana. Kabla ya kununua, chuchumaa ubavuni utazame umbali kutoka tairi la mbele hadi ncha ya bampa. Bampa refu lililoshuka, hata kama katikati kuna 200, litakuuma.

Giaboksi ndiyo iliyonivuta kwa Mazda, niseme wazi. CX-5 ina otomatiki ya kawaida ya gia sita. X-Trail, Forester na RAV4 ya petroli ya lita 2.0 zote ni CVT, giaboksi inayotumia mkanda badala ya gia za hatua. CVT si ugonjwa, na ile ya RAV4 ya 2019 ina gia halisi ya kuondokea kabla mkanda haujachukua kazi. Lakini inataka mafuta yake yenyewe (X-Trail T32 ni NS-3) na mmiliki aliyepita aliyeyabadilisha, jambo ambalo hutaambiwa ukweli wake. Kwa mlima, mizigo na malori ya kupita kati ya Mariakani na Voi, nilitaka kitu ambacho fundi wangu amekifungua mara nyingi. Vyovyote utakavyochagua, fika yadi bila kutangaza na uweke kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, wameiwasha kabla yako. Rudi siku nyingine. Injini baridi na gia baridi hazifichi kitu.

Ukiiwasha tazama dashibodi. Taa zote za tahadhari sharti ziwake kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko iliyogoma kuzima, maana hiyo kuna mtu ameinyamazisha.

Dizeli ya lita 2.2 nilijaribu, na nguvu yake ni raha, Nm 450 si mchezo. Sikuichukua kwa sababu ina chujio la masizi kwenye egzosi, nalo hujisafisha gari likitembea mwendo wa kutosha bila kusimama. Maisha yangu nusu ni foleni ya feri. Mtu wa kwenda Nairobi kila wiki hesabu yake ni nyingine. Haibridi, ukiipenda, tafuta tundu la hewa la betri, kwenye Toyota nyingi liko chini ya kiti cha nyuma. Lifungue. Likijaa vumbi na manyoya ya mbwa wa Osaka, betri imekuwa ikipumua kwa shida.

Kodi imeshaingia kwenye bei ya yadi, lakini kwa anayeagiza mwenyewe: ushuru wa forodha 35%, kisha ushuru wa bidhaa 25% kwa injini kama hii inayopita cc 1500 na 20% kwa isiyopita, kisha VAT 16%, kila mmoja ukikaa juu ya mwenzake. Hapo ndipo Vezel ya 1500 inapata wateja wake.

Vifaa vya usalama ni vizuri na ninavitaka. Japani tangu Novemba 2021 modeli mpya hazitoki bila breki ya dharura inayojifunga yenyewe, na nyingi za 2018 na 2019 zilikuwa nayo tayari. Ila kamera yake hukaa nyuma ya kioo cha mbele, kwenye njia ile ile ya mawe ya malori. Kioo kikibadilishwa kamera hupangwa upya kwa kompyuta, na hilo si la fundi wa kando ya barabara. Kabla sijalipa nilipiga simu kuuliza kioo na kazi hiyo vitanigharimu nini, nikaongeza kwenye hesabu. Kioo chenye ufa mdogo kwenye gari la namna hii si "kitu kidogo" kama unavyoambiwa.

Fungua na sakafu ya buti. SUV nyingi za miaka hii hazina tairi la akiba, utakuta chupa ya gundi na pampu. Gundi haizibi tairi lililochanika ubavu saa mbili usiku upande wa Maungu. Nilinunua spea kabla hata ya bima. Nikachagua pia CX-5 ya rimu 17, yaani 225/65R17, saizi inayovaliwa na RAV4 na X-Trail, kwa hiyo kila duka la tairi hapa linayo. Zile za L Package, toleo la juu la CX-5, zina rimu 19, 225/55. Zinavutia, lakini mashimo yetu huzila, na bei ya tairi nne utakaa kitako kwanza.

Redio ya Kijapani huanzia 76 FM, na nyingi hukomea kabla ya kufikia stesheni zetu nyingi. Kuna kifaa cha kubadilisha masafa, hakina gharama kubwa. Betri ya CX-5 yangu si ya kawaida kwa kuwa injini hujizima gari likisimama kwenye taa za barabarani: imeandikwa Q-85, usikubali ya bei nafuu.

Mtihani wa mwisho alifanya mama, mwenye magoti ya kusumbua. Forester ya shemeji aliingia bila kushika chochote, milango inafunguka pana. CX-5 alishika nguzo, akakaa, akasema "si haba, mwanangu". Nyuma watu wazima watatu hubanana. Mwenye watoto wengi atafute X-Trail ya viti saba, ila ile safu ya tatu ni ya watoto kweli, si ya shangazi.

Na nyekundu ile maarufu ya Mazda, 46V, niliiacha ingawa roho ilikuwa kwake. Ni rangi ya tabaka tatu, na mlango mmoja ukikwaruzwa na tuktuk fundi rangi hulazimika kupaka hadi milango ya jirani ili zifanane. Yangu ni nyeusi. Vumbi huonekana haraka, naiosha.