Chupa ya NeilMed Sinus Rinse: kazi yake na mipaka yake pale shida ya sinusi inapoanzia kwenye jino

Ni chupa laini ya plastiki ya mililita 240, kizibo chenye kitobo, mrija mwembamba unaoshuka ndani hadi karibu na kitako, na pakiti za chumvi iliyochanganywa na sodiamu bikaboneti (baking soda). Kampuni inayoitengeneza iko Santa Rosa, California. Kwa kazi ya kuosha pua inaishinda birika ndogo ya kumiminia, kwa sababu mkono wako ndio unaoongoza nguvu ya maji, na inakishinda mbali kile kichupa cha kupulizia, ambacho hulowanisha tu mwanzo wa pua.

Lakini tathmini hii inamlenga mtu mmoja hasa. Pua inamsumbua upande mmoja tu. Anasikia uvundo ambao aliyekaa naye pengine hausikii, na ladha mbaya inashuka kooni. Ameshamaliza dozi mbili tatu za antibiotiki, kila mara akapata nafuu ya wiki chache, kisha yakarudi yale yale. Mtu huyu akinunua chupa hii kwa matumaini kwamba itamponya, atapoteza miezi.

Sinusi ya shavu ni mfuko wa hewa ndani ya mfupa wa taya la juu, chini ya jicho. Kwa mtu mzima huwa na ujazo wa wastani wa mililita 15 hivi, sawa na kijiko kimoja cha mezani. Sakafu yake imekaa juu ya mizizi ya magego. Gego la pili ndilo lenye mzizi ulio karibu zaidi, na kwa watu wengi mfupa kati ya ncha ya mzizi na mfuko ni mwembamba kama karatasi, au haupo kabisa, kumebaki utando mtupu. Mlango wa kutolea kamasi hauko sakafuni. Uko juu, karibu na dari, kwenye ukuta wa upande wa pua, na kamasi hupandishwa hadi huko na vinyweleo vidogo vya utando.

Tazama basi maji ya chupa yanapita wapi. Yanaingia tundu moja la pua, yanazunguka nyuma, yanatokea tundu la pili. Yanasafisha njia na kuuosha mlango wa sinusi kwa nje. Kwa mtu ambaye hajafanyiwa upasuaji, ni kiasi kidogo tu kinachoingia ndani ya mfuko wenyewe. Usaha unaotoka kwenye mzizi uliooza uko sakafuni, na kila ukiuosha mlango, mzizi unaendelea kumwaga. Ndiyo maana unaosha asubuhi, pua inakuwa nyepesi, na jioni uvundo umerudi. Chupa imefanya kazi yake, chanzo hakijaguswa.

Vitabu vya zamani viliandika kwamba asilimia 10 hadi 12 ya sinusitisi ya shavu, yaani uvimbe wa utando wa sinusi, hutokana na meno. Tafiti za karibuni zinafika hadi 40 kwa ile sugu, na inapokuwa ya upande mmoja jino liwe mshukiwa wa kwanza. Jino lenyewe mara nyingi haliumi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mshipa wake umeshakufa, na usaha umepata pa kutokea, hivyo hakuna mgandamizo wa kuleta maumivu.

Sasa matumizi. Maji ndiyo jambo la kwanza, na hapa hatulegezi hata kidogo. Maji ya bomba yasiyochemshwa yasiingie puani. Mwaka 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa kwa amiba wa Naegleria fowleri baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Maji yakishaanza kutokota, yaache yaendelee kwa dakika 1 kamili. Kwenye miinuko ya zaidi ya mita 2,000 hivi, kama Limuru au Eldoret, dakika 3. Yafunike yapoe hadi vuguvugu. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta si mbadala, hata kama muuzaji anasema ni masafi.

Jaza hadi mstari, tia pakiti moja, ziba kitobo kwa kidole na utikise. Inama juu ya sinki, kidevu kikielekea kifuani kidogo, mdomo wazi, pumua kwa mdomo. Bana chupa polepole mpaka maji yatokee upande wa pili. Mililita 60 hadi 120 kwa tundu moja zinatosha, kisha hamia la pili. Unapoitoa chupa puani endelea kuibana. Ukiiachia ikiwa bado puani, itanyonya makamasi na kuyarudisha kwenye maji uliyobakiza. Yaliyobaki hata hivyo yamwage, usiyawekee kesho. Ukimaliza, inamisha kichwa chini kabisa, ukigeuze kushoto na kulia, maana maji hujificha na kuchuruzika ghafla nusu saa baadaye. Penga taratibu bila kubana matundu yote mawili. Osha angalau saa 1 kabla ya kulala, na dawa ya kupulizia ya steroidi ifuate baada ya kuosha, isitangulie.

Kukiwasha, kwa kawaida umesahau pakiti, au maji ni ya baridi au ya moto mno. Masikio yakiziba, umebana kwa nguvu au umepenga kwa nguvu. Maji yakigoma kupita kabisa, usishindane nayo. Pua imevimba ndani na inahitaji dawa kwanza.

Pakiti zikiisha, unaweza kutengeneza mchanganyiko nyumbani: vijiko 3 vya chai vya chumvi isiyo na madini joto na kijiko 1 cha sodiamu bikaboneti. Weka nusu kijiko cha chai cha mchanganyiko huo, kilichosawazishwa, kwenye mililita 240. Ugumu ni kuipata chumvi yenyewe, kwa kuwa chumvi ya mezani ya kwetu imetiwa madini joto, nayo huwasha pua. Usitumie magadi ya sokoni wala bekingi pauda. Ni vitu vingine kabisa.

Upo wakati ambao chupa hii ni ya hatari, na maelekezo ya kwenye boksi hayamtoshi mgonjwa wa meno: siku za mwanzo baada ya kung'olewa gego la juu, kuongezewa mfupa chini ya sinusi, au kuwekewa kipandikizi cha jino. Jino likitoka linaweza kuacha tundu kati ya mdomo na sinusi. Lililo chini ya milimita 2 kwa kawaida hujifunga lenyewe ikiwa donge la damu litatulia. Lililofika milimita 5 linahitaji daktari avute nyama ya ufizi na kulishonea. Katika wiki 2 za mwanzo usipenge, usinywe kwa mrija, ukipiga chafya achama mdomo, na chupa ikae kabatini mpaka daktari aruhusu. Mbano mmoja wa mililita 100 unaweza kulisukuma donge na kuligeuza tundu la kupona kuwa njia ya kudumu.

Mwezi mmoja au zaidi baada ya kung'olewa, chupa inaweza kukuonyesha jambo. Ukiosha pua kisha ukahisi maji yenye chumvi yakichuruzika mdomoni kupitia pengo la jino, tundu halijafunga. Usirudie kujaribu ili kuhakikisha. Nenda kwa daktari wa meno, umweleze hivyo hivyo.

Na kwa mwenye meno yote mahali pake? Kabla ya dozi nyingine ya antibiotiki, magego ya juu ya upande ule yapimwe moja moja kwa baridi na kwa kugongwa, hasa lile lenye kifuniko, lililozibwa sehemu kubwa au lenye mzizi uliotibiwa zamani. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina mfereji wa nne mwembamba ndani ya mzizi, ambao aliyetibu mzizi huweza kuupita bila kuuona. Wadudu hubaki humo. Picha ya kawaida ya taya zima huficha mengi, kwa kuwa mizizi, mfupa wa shavu na sakafu ya sinusi vinapandiana. Kinachofaa ni CBCT, ile skani ya pande tatu ya meno: sehemu ndogo tu ya taya, upande husika, ili miale iwe michache na mizizi ionekane kwa undani. Mweleze anayesoma picha kwamba swali ni jino na sinusi, vinginevyo ataandika «utando umenenepa» na kuishia hapo. Skani hiyo haitenganishi vizuri usaha na utando uliovimba. Ikiwa sinusi za paji na za kati ya macho nazo zimeshikwa, CT ya sinusi, ile skani kubwa ya hospitali, ndiyo inayohitajika.

Jino likishatibiwa mzizi au kung'olewa, chupa inapata thamani yake kamili. Utando huchukua wiki kadhaa hadi miezi kutulia, na kuosha mara 1 au 2 kwa siku kunaondoa makapi na kupunguza uvundo. Baadhi ya wagonjwa hupona kwa tiba ya jino peke yake. Wengine huhitaji daktari wa pua apanue mlango wa sinusi kwa endoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa puani. Baada ya upasuaji huo maji huingia hadi ndani, na hapo hatujui chombo cha bei hii kinachofanya kazi vizuri zaidi. Kwa mgonjwa huyo tunaipa nyota 5. Kwa aliye na jino bovu lisiloguswa, nyota 2, na hizo ni za nafuu ya saa chache.

Ukiona uvimbe kuzunguka jicho, ukaona vitu viwili viwili, homa kali au shingo kukakamaa, acha kuosha na ufike hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu chupa yenyewe, sehemu dhaifu ni mrija. Mwili wa chupa unasafishika kwa maji ya moto na sabuni, lakini ndani ya mrija unyevu hukaa. Uchomoe kila baada ya kuosha, uukung'ute, uuanike mahali pa wazi mbali na choo. Badilisha chupa kila miezi 3, au mapema zaidi ukiona utando mweusi.