Hita ipi ya maji ununue kabla Juni haijaingia

Juni ikiingia, maji ya bomba ya alfajiri Ngaramtoni au Sekei, huku Arusha, yanauma hadi mfupani. Moshi mjini unaweza kujikaza ukaoga hivyo hivyo. Ukipanda Kibosho au Marangu, mlimani Kilimanjaro, ushujaa unaisha. Ndipo watu wanakimbilia madukani kuuliza bei. Uliza kwanza mambo mawili nyumbani kwako: waya unaokwenda bafuni ni wa unene gani, na tangi la maji liko juu kiasi gani?

Ya kwanza kwangu ni hita ya jua yenye mirija ya vioo, kama nyumba ni yako. Bei inauma siku moja, kisha LUKU, mita yako ya umeme wa kulipia kabla, inapumua. Sisi tuko kusini kidogo ya Ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini. Mirija itazame huko, hata kama fundi anataka itazame barabarani ili majirani waione. Aina ile ya bei nafuu hujazwa na maji yanayoshuka yenyewe, hivyo tangi kuu lazima liwe juu kuliko tangi la hita. Likiwa chini utajenga mnara, na gharama hiyo muuzaji hakutajii. Bomba za maji ya moto ziwe PPR, plastiki inayostahimili joto, maana PVC ya kawaida hulegea. Mirija ikishinda mikavu juani, usiijaze maji baridi mchana, itapasuka. Na kwa kuwa Julai mawingu yanaweza kuufunika Mlima Meru siku nzima, chukua yenye elementi ya umeme ndani, uiwashe siku hizo tu.

Ya pili ni shawa ya umeme, ile ya instanti, inayopasha maji papo hapo yanapopita. Kwa mpangaji ndiyo yenyewe: ukihama unaing'oa. Lakini ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24. Yangu ya kwanza fundi aliiunga kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5 za mraba. Wiki ya pili bafu likaanza kunuka plastiki iliyoungua. Dai waya wa milimita 6 za mraba unaotoka moja kwa moja kwenye breka yake, na athi ya kweli, yaani waya unaofika ardhini, si waya uliofichwa ukutani usiofika popote.

Dakika tano za kuoga hula karibu nusu uniti. Watu wanne wakioga kila siku, mwezi unafikia uniti 55 hivi. Aliye kwenye tarifu nafuu yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi abakishe hesabu ya friji, taa na pasi.

Shawa hiyo ikigoma kupasha, usikimbilie kununua elementi. Huwashwa na msukumo wa maji, na tangi lililo chini ya mita moja juu ya shawa mara nyingi halisukumi vya kutosha. Zima breka, fungua uso wa shawa, loweka kwenye siki matundu yaliyoziba ukoko. Kama maji yako ni ya kisima yenye chumvi, nunua ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, la sivyo elementi haitadumu.

Hita ya tangi la lita 50 naiweka ya tatu. Inafaa ukitaka maji ya moto jikoni na bafuni kwa pamoja, ila ikiachwa imewashwa hula umeme hata usipooga. Kila baada ya mwaka au miwili fundi akague fimbo ya magnesiamu. Ikiisha, kutu inahamia kwenye tangi lenyewe.

Ya gesi ifungwe nje ya bafu au uiache. Moshi wake usio na harufu unaua ndani ya chumba kilichofungwa.

Ya mwisho ni hita ya ndoo, ile koili ya umeme unayoizamisha kwenye maji. Ndoo ya lita 20 kwa wati 1,500 huchukua kama dakika 20, na wengi wetu tumekua nayo. Mtoto asiachiwe kamwe. Usipime joto kwa kidole kabla hujachomoa plagi soketini.