Demo mbili nilizoonja kwenye PS4

Kabla sijatoa hela yangu kununua gemu, naonja kwanza. Juzi hapa Area C, Dodoma, nilisubiri bando la usiku nikapakua demo mbili, yaani vipande vya gemu vya kujaribu bure, kwenye PlayStation 4 yangu.

Ya Resident Evil 4, ile iliyotoka Machi 2023, imenitoa jasho. Leon, mhusika unayemchezesha, anaingia kijijini, wanakijiji wanamzingira, mara jamaa aliyevaa gunia kichwani anawasha msumeno. Nikaukinga kwa kisu, cheche zikaruka, kisu chenyewe kikaanza kuchakaa. Nikajificha ndani, wakaingilia dirishani. Mdogo wangu pembeni anapiga kelele, "Kaka, panda ngazi!" mpaka kengele ya kanisa ikalia, wote wakageuka wakaondoka. Demo inaishia hapo. Haina kikomo cha muda, basi nimeirudia mara nne na kila mara napita njia nyingine.

Dragon Quest XI S ni ya taratibu; mapigano ya kupokezana zamu hayanishiki haraka. Ila ukarimu wake jamani! Unacheza bure kwa muda wa kama saa 10 hivi, na ukinunua gemu kamili unaendelea pale pale ulipoishia. Demo zote zingekuwa hivyo. Hata hivyo nitaanza na Resident Evil, akiba nishaanza kuweka.