Mguu wangu ni 47, si 49: buti za kuwindia zilizonikubali

Kwa karibu miaka kumi na tano nilivaa namba 49 nikiapa kwamba ndiyo yangu. Mguu wangu ni namba 47. Nilikuja kuujua ukweli huo siku fundi viatu mmoja aliponisimamisha juu ya kile kibao cha chuma cha kupimia, chenye vipande viwili vinavyosogezwa. Akapima, akarudia, kisha akacheka: "Kaka, mguu wako mrefu kweli, ila si kiasi hicho. Tatizo lako ni upana." Nilikasirika kidogo, maana hadi siku hiyo nilikuwa nimeshanunua jozi nne za buti za kuwindia kwa hesabu mbovu.

Kibao chenyewe kilibuniwa Marekani na Charles Brannock miaka ya 1920, na wengi wetu tumekiona bila kujua kinapima nini. Kinapima urefu hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, kinapima upana, na kinapima pia umbali kutoka kisigino hadi kwenye kile kifundo kilichochomoza chini ya kidole gumba. Kipimo hiki cha tatu ndicho kilichonifumbua macho. Hapo ndipo mguu unapokunjika unapotembea, na buti nayo imetengenezwa ikunjike mahali pamoja tu. Ukichukua kiatu kirefu kuliko mguu ili upate upana, mkunjo wa kiatu unakwenda mbele ya mkunjo wa mguu. Kila hatua unapigana na soli. Jioni unadhani umezeeka, kumbe umevaa kiatu cha mtu mwingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa jozi yangu ya kwanza, namba 49 ya upana wa kawaida. Upana niliupata kidogo, kwa sababu kiatu kikirefuka kinapanuka pia, lakini kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka humo ndani kama mchi kwenye kinu. Kwenye mteremko mguu wote ulikuwa unateleza mbele hadi vidole vinagonga ukuta. Nilipoteza kucha mbili msimu ule. Jozi ya pili iliandikwa "pana" kwenye boksi, na nilichelewa kugundua kwamba walichoongeza ni nafasi ya juu ya mguu tu. Soli ilikuwa ileile nyembamba, na kidole changu kidogo kilikuwa kinaning'inia nje ya ukingo wake. Ya tatu ilikuwa ya mpira mtupu, nzuri kwa tope la kinamasi na kwa kukaa kuvizia, lakini ukitembea nayo saa nne mguu unaogelea kwa jasho. Ya nne ilikuwa ya ngozi nzuri sana. Fundi aliahidi kuitanua kwa kalibu, na ingetanuka kama si ule mkanda mgumu wa mpira uliozungushwa mbele kulinda ngozi dhidi ya mawe. Mpira huo hautanuki. Ngozi ilivimba juu yake, na pale palipokuwa pananibana pakabaki vilevile.

Marafiki ninaowinda nao walikuwa wananishangaa. Wao huvaa chochote kilichoko dukani na kuondoka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa nizieleze nilizonazo. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu buti iliyoniokoa mimi inaweza kukuumiza wewe. Ni namba 47, ambayo kwa hesabu ya Kimarekani ni kama 13, upana EE. Kwa viatu vya wanaume vya Kimarekani D ndiyo kawaida, EE ni pana, EEEE ni pana zaidi. Kwa wanawake kawaida ni B, na D tayari inahesabiwa kuwa pana, kwa hiyo dada mwenye mguu mkubwa akivaa buti ya kiume ya D hajakosea. Watengenezaji wengi wa Ulaya huandika namba pekee bila herufi, na namba hiyo haikuambii lolote kuhusu upana. Baadhi yao, kama Hanwag, wana buti zilizoundwa mahususi kwa watu ambao mfupa wa kidole gumba umechomoza. Danner na Irish Setter wa Marekani huuza baadhi ya buti zao kwa upana wa EE. Kwa hiyo vitu vipo, ila ni lazima uvitafute kwa herufi.

Kabla ya kuzinunua nilifanya jambo ambalo ningelifanya miaka kumi na tano iliyopita ningeokoa mengi. Nilisubiri jioni, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, nikavaa soksi zilezile za kuwindia, nikasimama wima juu ya karatasi, uzito wote miguuni. Mke wangu akauchora kila mguu kwa penseli iliyosimama sawasawa. (Usijichore mwenyewe ukiwa umeinama, mguu unabadilika umbo.) Wa kulia ulitoka mrefu kuliko wa kushoto kwa milimita 4, na huo mrefu ndio unaonunuliwa kiatu. Nikaikata michoro ile, nikaenda nayo. Dukani nilichomoa soli ya ndani ya kila buti na kuilaza juu ya karatasi. Karatasi ikitokeza pembeni, buti hiyo nairudisha bila hata kuijaribu. Nilirudisha saba. Muuzaji alichoka, mimi nikawa mpole.

Ya nane ilikubali. Shingo yake ina inchi 8, ngozi nene ya ng'ombe, ndani utando wa Gore-Tex usiopitisha maji, soli ya mpira ya kampuni ya Vibram iliyoshonwa, na haina pamba ya bandia ya kuzuia baridi. Hilo la mwisho nililitaka. Zile gramu 400 au 800 zinazoandikwa kwenye buti za baridi ni uzito wa pamba kwa kila mita ya mraba, na zinavyozidi ndivyo zinavyokula nafasi ndani. Mtu wa mguu mpana akinunua buti ya gramu 800 kwa namba aliyoijaribu bila pamba, atajuta. Kwa uwindaji wa kutembea na kunyatia sihitaji joto hilo. Nikitembea ninapata joto la kunitosha.

Wiki mbili za kwanza nilizivaa ndani ya nyumba tu, ngazi juu, ngazi chini, ili soli isichafuke na niweze kuzirudisha zikinigeuka. Hazikunigeuka. Lakini zilinifundisha kwamba nusu ya ukubwa wa mguu wangu nilikuwa naitengeneza mwenyewe. Nilizoea kuvaa soksi mbili na kuweka soli nene ya ziada chini. Nilipozitoa zote, nikabaki na soksi moja ya sufu na soli nyembamba ya ndani, ikapatikana nafasi ambayo sikujua kama ipo.

Jambo lililobadilisha kabisa mambo ni ufungaji wa kamba. Mguu wangu ni mpana mbele, lakini kisigino ni cha kawaida, na nadhani wengi wenye miguu mipana wako hivyo. Ukikaza kamba yote, mbele panakufa ganzi. Ukiilegeza yote, kisigino kinacheza. Sasa mbele naiacha kamba ilegee, na nimeruka tundu moja lililokuwa linakandamiza juu ya kifundo cha kidole gumba. Nikifika kwenye mkunjo wa kifundo cha mguu nazungusha kamba mara mbili kabla ya kuivuta, inajikaza hapohapo na hairudi chini. Kisigino kinakaa, vidole vinapumua. Kabla ya mteremko mrefu nasimama nakaza upya sehemu ya juu. Wenzangu hudhani napumzika.

Siku ya kwanza ya kazi halisi nilitembea kama kilomita 18 nikiwa na begi mgongoni, na kurudi jioni na uzito zaidi ya niliotoka nao. Nilivua buti nikakagua miguu kwa tochi. Palikuwa na wekundu kidogo juu ya kidole kidogo cha kulia, malengelenge hakuna. Nilimpelekea fundi, akaminya sehemu hiyo moja kwa chuma chake chenye kirungu, safari hii juu ya ngozi na si kwenye mpira, akiwa mwangalifu asichane utando wa ndani. Tangu hapo kimya. Huu ni msimu wa pili.

Kasoro zipo. Jozi nzima ina kilo 2.1 kwenye mizani ya jikoni, na mguu unahisi kila gramu unapopanda. Soli ni ngumu, kwa hiyo kwenye mawe inagonga; nikikaribia mnyama nalazimika kutua kwa ukingo wa nje kwanza na kuuviringisha wayo taratibu, na hata hivyo mara mbili nimemshtua aliyekuwa ananisubiri nikosee. Na utando unaozuia maji yasiingie unazuia pia yasitoke. Nilivuka kijito kilichonizidi kina, maji yakaingia kwa juu, buti zikachukua siku mbili kukauka, nimezijaza magazeti ndani na kuziweka kivulini. Usizianike karibu na moto, ngozi inakakamaa na gundi inaachia.

Jambo moja la kuangalia kwa wenye namba kama zangu. Namba kubwa na pana hazina wanunuzi wengi, hivyo hukaa stoo muda mrefu. Buti nyingi zina tabaka laini la poliyuritheni katikati ya soli, na tabaka hilo huzeeka kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Zile 49 zangu za kwanza nilizihifadhi kabatini nikiamini ni akiba. Mwaka jana nilimpa binamu yangu, akatembea nazo nusu saa na soli ikamong'onyoka kama biskuti iliyolowa. Kwa hiyo mwulize muuzaji zilitengenezwa lini, na bonyeza soli kwa kidole gumba uone kama kuna nyufa.

Binamu alirudi pekupeku, buti mkononi, na bado ananidai jozi nyingine. Nimeshauchora mguu wake.